Madirisha ya Wodi ya Wanaume

Mjukuu wa dada yangu anasoma biolojia huko Bukavu, na kila akija likizo hunisomea habari za uvumbuzi kwenye simu yake. Amenisomea juu ya mashine ya sumaku inayoupiga mwili picha vipande vipande kama mkate, bila mwali wowote. Amenisomea juu ya wataalamu wa fizikia wanaofukuza chembe ambazo hakuna jicho litakaloziona, na juu ya kompyuta inayotazama picha ya kifua na kusema huyu anaumwa, kabla daktari hajavaa miwani. Anasoma haraka, macho yamemtoka kwa furaha, nami namsikiliza huku nikichambua maharage. Juzi alinisomea kwamba siku hizi picha ya mgonjwa haipotei. Inahifadhiwa katika mashine zilizo nchi nyingine, na hata hospitali ikiteketea, picha inabaki. Nikamwambia anyamaze. Alidhani nimechoka, akaniletea mto. Sikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikumhusu yeye.

Mwaka nchi yetu ilipopata uhuru nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mzungu aliyekuwa akifanya kazi kwenye chumba cha radio cha hospitali yetu ya Uvira, ndivyo tulivyoita picha ya mifupa, alifunga mizigo yake kwa siku moja akavuka kwenda Bujumbura, akaacha koti lake jeupe kwenye msumari. Koti hilo nilipewa mimi. Sikuchaguliwa kwa akili. Nilikuwa nimemaliza shule ya masista, nilijua kusoma namba, na mikono yangu ilikuwa mikavu, haitoi jasho. Mikono ya jasho huacha alama za vidole kwenye filamu.

Mkubwa wangu alikuwa mtu wa mbali, kutoka upande wa Kasai. Karatasi zake zilisema ni asista, yaani msaidizi wa daktari, lakini sisi wote tulimwita Dokta, na baada ya Wazungu kuondoka hakukuwa na daktari mwingine wa kubishana naye. Alikuwa mtu wa kupenda habari mpya kuliko chakula. Magazeti ya utabibu yalimfikia kwa meli, yamechelewa miezi mingi, mengine yamelowa, naye aliyaanika juani kama ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kisha akatusomea. Alitusomea kwamba wataalamu wamegundua umbo la uzi unaobeba urithi wa mtu, kwamba umesokotwa kama ngazi ya kamba. Alitusomea kwamba huko Ulaya kuna watu wanaomtazama mtoto tumboni kwa kutumia sauti tu, wanapeleka sauti ndani inarudi na picha. Siku hiyo nilimwambia kwamba sasa anatutania. Hakukasirika. Alisema, "Siku moja tutaona kila kitu." Nilikuwa mkali tangu utoto, nikamjibu kwamba wenzetu wa kijijini wameona mengi mno mwaka huu na haijawasaidia.

Kazi yangu ilikuwa gizani. Baada ya mtu kupigwa radio nilichukua filamu, nikajifungia chumbani na taa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye dawa ya kwanza, nikangoja. Sijawahi kuizoea ile dakika. Filamu huingia tupu, halafu mbavu huanza kutokea, kwanza kama vumbi, kisha kama mistari, na mwisho anakuwa mtu mzima anayekutazama bila uso. Nilikuwa nikiwasalimu. Nilisema "karibu" polepole, kila mmoja, maana niliona si adabu kumwona mtu hivyo bila neno.

Dokta alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hadi ikatuchosha: picha ya leo haina maana bila picha ya jana. Kovu la zamani na ugonjwa mpya hufanana, na kitakachokuambia tofauti ni kifua hichohicho mwaka uliopita. Kwa hiyo kila filamu ilipewa namba, ikaingizwa kwenye bahasha, ikapangwa kwenye rafu, na namba ikaandikwa kwenye kitabu kikubwa. Mwandiko wa kitabu kile ni wangu.

Seremala mmoja wa Kasenga alikuja kwa sababu ya kikohozi. Alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, ana vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mama yake alimsindikiza akabaki nje kwenye benchi, kwa kuwa watu wasiopigwa picha hawakuruhusiwa ndani. Nilimsimamisha kifua wazi mbele ya bamba, nikamsukuma mabega, akacheka kwa ubaridi wa chuma. Dokta alisoma picha yake akasema ni vumbi la kazi tu, afunge kitambaa puani anapokata mbao. Alikuwa mzima kabisa.

Aliomba kujiona. Wengi waliogopa, lakini yeye aliomba, na nilipoinyanyua filamu mbele ya dirisha alisogea karibu sana. Nikamwonyesha moyo, nikamwonyesha mbavu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona mfupa wa bega la kushoto, ule unaotoka shingoni, ulivyopinda katikati.

"Hapa njo nilianguka juu ya mungazi," alisema, yaani mchikichi. "Nilikuwa na miaka saba. Kumbe mufupa haisahau."

Alitoka nje akimsimulia mama yake kwa sauti. Nilimsikia akimwambia kwamba ameona mifupa yake yote na kwamba iko sawasawa, isipokuwa huo mmoja. Niliandika kwenye kitabu, mbele ya namba yake, neno moja: mzima.

Kisha maasi yakaja. Sitasimulia vita, walioijua wanaijua. Nitasema tu kwamba mji ulichukuliwa, ukarudishwa, ukachukuliwa tena, na kila mara madirisha ya hospitali yalivunjika. Wodi ya wanaume ilitazama ziwa. Mvua zilipoanza, upepo uliingia humo moja kwa moja na kuwalowesha wagonjwa vitandani, na wenye vifua vibovu walianza kufa kwa baridi badala ya ugonjwa uliowaleta. Kioo hakikupatikana. Meli hazikuja, na njia ya Bujumbura ilikuwa imefungwa.

Dokta ndiye aliyepata wazo. Filamu ya radio ni ngumu, haipitishi maji, na ukiiloweka kwenye maji ya moto na javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, kisha ukaisugua, picha inatoka na inabaki karatasi angavu kama kioo. Alinituma rafuni. Nikamuuliza nianze na zipi, naye alifikiri kidogo akajibu kwa kanuni yake ileile: wagonjwa tutawahitaji kuwalinganisha, kwa hiyo zianze za wale ambao hawakuwa na kitu.

Basi tuliwafuta waliokuwa wazima. Nilifungua kitabu, nikafuata neno langu mzima ukurasa kwa ukurasa, nikatoa bahasha. Nilikaa siku nne nyuma ya jiko la hospitali na beseni na burashi ya kufulia. Vifua vya walimu, vya mafundi, vya wasichana waliotaka kazi ya unesi, vyote vilitoka kwenye mikono yangu vikawa maji ya kijivu, nikayamwaga mtaroni. Sikuwaza lolote. Nililalamika tu kwamba javeli inanichubua vidole. Wagonjwa wenye mapafu yaliyotoboka walibaki salama kwenye rafu, kila mmoja na namba yake.

Tulizipigilia filamu zile kwenye fremu za madirisha, na upepo ukakoma. Watu wakaacha kufa kwa baridi. Hilo ni kweli, na nalisema kwa sababu nimelitumia mara nyingi kujitetea mbele ya nafsi yangu.

Lakini sikuwa nimezisugua zote vizuri. Jua letu la asubuhi hutoka upande wa ziwa, na lilipopanda siku ya kwanza isiyo na mawingu lilipita kwenye zile filamu likaweka mbavu kwenye ukuta wa wodi. Si mbavu nzito. Zilikuwa hafifu, ukiziangalia sana zinapotea, ukigeuza shingo zinarudi. Zilishuka ukutani polepole kadiri jua lilivyopanda, zikapita juu ya mashuka na juu ya nyuso za waliolala. Mzee mmoja mfugaji kutoka Mulenge, aliyeletwa na mguu uliooza, aliomba kitanda chake kigeuzwe.

"Siwezi kulala, ba-muntu bale banapita juu yangu," aliniambia. "Waulize banatafuta nini."

Nilikigeuza kitanda. Dokta alieleza kwamba ni madini ya fedha yaliyobaki kwenye filamu, basi. Alikuwa na maelezo ya kila kitu. Hata hivyo niliona kwamba yeye naye aliacha kupita wodini asubuhi, akawa anapita saa sita, jua likiwa juu ya paa.

Wakati huo seremala alikuwa amepotea. Alimwacha mke wake kijana nyumbani, akapanda Mulenge kununua mbao wiki ileile njia ya mlimani ilipokatwa. Mwanzoni walisema amejificha kwa wafugaji. Baadaye watu walioshuka kutoka Rurambo walisema wameona mtu ameuawa kwenye kivuko cha mto, na kando yake mfuko wa misumeno, lakini mvua ilikuwa kubwa na mto ukachukua kila kitu. Lisemwalo lipo. Hakuna aliyemwona kwa macho yake akiwa na jina lake, na hakuna aliyeuleta mwili.

Kwetu kandokando ya ziwa jambo hili lina dawa yake. Tangu zamani ziwa limemeza watu bila kuwarudisha, na wazee waliona kwamba mtu asiyezikwa haachi kuzunguka nyumba. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavishwa nguo yake, ukalazwa kaburini kwa heshima zote. Baada ya hapo ndugu wananyoa, mjane anavua nguo za kilio, na marehemu anajua kwamba amefika. Kabla ya hapo hakuna lolote linaloisha. Ba-mudogo wa seremala, mdogo wa baba yake, alikata mgomba akauleta. Ulilala mlangoni mpaka ukaanza kutoa maji, kwa sababu mama alikataa uzikwe.

Nilipata kujua hayo yote mama alipokuja mwenyewe kunieleza. Alikuwa mwanamke mfupi, mchuuzi wa ndagala, na alisimama mlangoni kwangu ameshika shati la bluu lililokunjwa.

"Mama, unatafuta nani?" nilimuuliza.

"Mwana yangu. Iko humu."

Akanitajia jina, nikamwambia hakuna mgonjwa wa jina hilo. Akatikisa kichwa.

"Minye najua hamutupaka zile filme. Yeye mwenyewe aliniambia: Mama, mifupa yangu yote iko ku hopitali. Kila asubui nasikia randa yake mu nyumba, inapita juu ya mbao, na nikitoka hakuna muntu. Iko anachoka. Munipatie mifupa yake, niende nimuzike."

Ba-mudogo alikuwa amemfuata. Alikuwa mtu mpole, kofia mkononi, na alichosema hakukisema kwa ukali.

"Mbele ya masini yenu kuja, mwanangu, mugomba ulikuwa unatosha. Sasa yeye anasema mugomba hauna mifupa. Nitamujibu nini?"

Nilifungua kitabu. Niliiona namba, niliona neno langu, na kando yake niliona alama ya msalaba ya wino mwekundu, ile niliyoiweka kwenye kila filamu iliyokwenda kwenye beseni. Nilikifunga. Nikamwambia mama arudi kesho, kwamba rafu zimevurugika kwa vita na lazima nitafute.

Alirudi kesho, akarudi kesho kutwa. Nilimkuta kila asubuhi kwenye benchi la baraza, shati mapajani, hanisumbui. Angenitukana ningepumua. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe ni dirisha? Kwamba kifua chake kinazuia upepo usiwapige wagonjwa, naye ashukuru? Nilifungua kinywa mara kadhaa na kila mara nilisema, bado natafuta.

Na kweli nilitafuta. Siku ya tatu jua lilipotoka niliingia wodini, nikasimama mbele ya kila dirisha, nikilikagua kwa kidole, nikitafuta mfupa wa bega uliopinda. Wagonjwa walinitazama bila kuuliza. Kwenye madirisha mengi hakukuwa na kitu. Kwenye mengine kulikuwa na mbavu za mtu yeyote. Kwenye moja niliona mstari mdogo, juu kushoto, umepinda katikati, nikausogelea, kisha nikaona kwamba huenda ni pale burashi yangu iliposimama. Niliendelea kuutazama mpaka macho yakatoa machozi na mstari ukapotea wote.

Dokta alinikuta hapo. "Weye unatafuta nini?"

"Muntu," nilisema.

Alielewa, maana alimwona mama barazani kama sisi wote. Alisema kwa sauti ndogo kwamba tulifanya vizuri, kwamba wodi hii nzima ingekuwa makaburini. Nikamjibu kwamba najua. Alikuwa na haki, na haki yake ilinichoma kuliko kosa. Mtu akikosea unaweza kumkasirikia.

Nilirudi chumbani kwangu nikavuta droo. Sisi wafanyakazi wa mwali tulipigwa picha kila mwaka, ili tujue kama mashine imeanza kutula, na filamu zetu hazikukaa rafuni na za watu. Yangu ilikuwa hapo, safi, haijaguswa na javeli. Niliinyanyua kwenye mwanga. Mtu wa kazi yetu angeona mara moja kwamba ni kifua cha mwanamke, kwa vivuli viwili vya chini. Yule mama hakuwa mtu wa kazi yetu. Nilikata pembe yenye namba kwa mkasi, nikatoka nje, nikamwambia nimempata.

Aliipokea kwa mikono miwili akiwa amepiga goti. Aliiinua kuelekea ziwani kama nilivyomwonyesha, akatazama kwa muda mrefu.

"Nionyeshe pale alianguka," alisema.

Nikaweka kidole changu juu ya mfupa wangu mwenyewe. Nilisema, ni hapa, mama, ukitazama vizuri. Yeye akaweka kidole chake palepale, akakipitisha taratibu kutoka shingoni hadi begani, akakirudisha tena. Kisha akaifunga filamu ndani ya shati akaniomba nije kwenye maziko. Sikuweza kukataa.

Walimzika alasiri, kwenye mteremko ulio nyuma ya Kasenga. Ba-mudogo na mama walikuwa wamepatana: mgomba mpya ulikatwa, wa kimo chake, na filamu ikafungwa kwa kamba juu yake mahali pa kifua, kisha ukavishwa shati la bluu. Mama mwenyewe alifunga vifungo, kimoja kimoja, akaanzia chini. Nilizitazama mbavu zangu zikifunikwa hadi shingoni. Katekista alisoma, watu wakaimba, ardhi ikaanza kurudishwa, na kila jembe lililoshuka nililisikia hapa, chini ya koo. Mpaka leo nikilala chali nalisikia. Nimewaambia madaktari watatu, wawili wakanipiga radio, wakasema hakuna kitu.

Watu waliposhuka kwenda kunawa, mama alinishika mkono akanikalisha kando ya lile fungu la udongo. Tulikuwa wawili tu.

"Mwana yangu alipoanguka, mufupa yake ilipona ya kupinda," alisema. "Minye njo nilikuwa naikanda na mafuta ya ngazi, asubui na jioni, mupaka vidole vyangu vikaijua. Hii uliniletea iko wima."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho wake.

"Iko ya nani?"

"Iko yangu, mama."

"Na ya mwana yangu?"

Nikamweleza. Nilimweleza beseni, javeli, burashi, upepo wa ziwa, wagonjwa waliokuwa wakifa. Nilimweleza kwamba tulianza na wazima kwa sababu hawakuwa na kitu. Neno hilo nililisema kabla sijalifikiria, na nilipolisikia nilitamani anipige. Aliuliza swali moja tu, ni dirisha gani. Nikamwambia sijui.

Aliusawazisha udongo wa kaburi kwa kiganja.

"Ulijua, na ukaacha azikwe?" nilimuuliza mimi, maana sikuelewa.

"Nilitaka akae. Amechoka, na minye nimechoka. Muke yake iko mutoto, avue ile nguo aolewe." Kisha akanigeukia. "Lakini sasa weye njo uko mu nafasi yake. Mwana njo anazikaka mama yake. Siku nitakufa, weye utanizika. Utashika jembe mbele ya wote. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Msidhani alinisamehe. Hakuna chochote usoni mwake kilichofanana na msamaha. Alinipa kazi, kama vile mtu aliyekuvunjia chungu unavyomwambia aende mtoni kuteka maji kwa mikono yake. Nami nikaikubali kwa haraka, kama mtoto anayekubali lolote ili aachiliwe.

Tangu siku hiyo alikuja hospitali kila Jumamosi. Aliniletea ndagala kwenye jani, akaniuliza kama nimekula, kama nakohoa, akaniangalia mabega. Baadaye alizunguka nyuma ya wodi ya wanaume, upande wa ziwa, akapita madirisha yote kutoka la kwanza hadi la mwisho. Kila moja aliliwekea kiganja, akakaa kidogo, akasogea. Kwa kuwa hakujua ni lipi, aliyagusa yote. Wagonjwa waliokuwa ndani waliona kivuli cha mkono kikishika mbavu hafifu, kikiachia, kikihamia kwenye mbavu nyingine, na hakuna aliyecheka. Niliwahi kumuuliza kama bado anasikia randa asubuhi. Alisema hapana, imenyamaza. Nilifurahi sana siku hiyo, na nikadhani deni langu limekuwa jepesi.

Mapigano yaliporudi nilivuka kwenda Bujumbura kwa mtumbwi na wengine wengi. Sikumuaga. Nilisema nitarudi baada ya wiki, na wiki zikawa miaka. Nilipata kazi kwenye kliniki, chumba cha giza kilekile, dawa ileile. Niliolewa, nikazaa. Dokta nilisikia amerudi kwao Kasai, na sikumwona tena. Wachuuzi walivuka ziwa kwa kuibia, na mara mojamoja walinipa salamu za Kasenga. Mama anakuuliza, walisema. Mama anauliza kama mabega yako ni mazima.

Halafu asubuhi moja mwanamke wa Kasenga alisimama mbele ya kliniki, miguu bado ina mchanga wa ufukweni. Alisema yule mama amefariki jana. Alisema kabla ya kufa amewaambia ndugu wasishike jembe, wamngojee mwanawe aliye ng'ambo. Ba-mudogo alikuwa amekwisha kufa na vijana hawakuelewa ni mwana gani, lakini wamekubali kungoja. Mtumbwi uliomleta unarudi jioni, na nafasi yangu ipo.

Ujumbe ulinifikia mapema. Ninalisema hili kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba ulichelewa. Nilikuwa na saa zote za mchana za kufunga kitenge changu na kushuka ufukweni. Lakini upande ule kulikuwa na askari, waliokuwa wakiwatoa watu kwenye mitumbwi, na mwanangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Nikamwambia yule mwanamke kwamba mimi si mtoto wa marehemu, kwamba ni jambo tulilosemezana tu wakati wa msiba, wasiningojee. Akanitazama kuanzia kichwani, akasema atawafikishia.

Sijui kama aliwafikishia. Niliporudi Uvira, nywele zikiwa zimeanza mvi, nilikwenda Kasenga kumtafuta aliyekuwa mjane wa seremala. Alikuwa ameolewa, ana wajukuu. Alinipa kiti, akanipa chai, hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia tu jinsi ilivyokuwa. Walimlaza mama sebuleni, mlango wazi, na mtu mmoja akakaa ufukweni kuangalia mitumbwi. Walimngojea mwanawe siku mbili katika joto lile. Siku ya tatu harufu ikawashinda, wakamzika bila mimi.